Mkalimani wa Maungamo

Kwetu Ulyankulu kila mtu anajua kwamba padri haulizwi alichosikia. Hata mtoto anayejiandaa kwa komunyo ya kwanza anajua. Lakini mkalimani wa padri, yeye anaulizwa au haulizwi? Hilo hakuna aliyewahi kutufundisha, kwa hiyo watu wakaniuliza.

Wa kwanza alikuwa mwana wa marehemu. Alinikuta nyuma ya nyumba yetu, nimekaa juu ya gunia, nafunga majani ya tumbaku kwenye fito kabla hayajaingizwa kwenye bani, kibanda cha kukaushia kwa moto. Alikuja kwa miguu ingawa ana baiskeli, na nilipoona hivyo nilijua hakuja kwa jambo la njiani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa, usisimame."

Si ndugu yangu wa damu. Mama yake na bibi yangu walitoka Burundi pamoja kwa miguu wakiwa bado vijana, wakafika hapa wakati mji huu ulikuwa pori tupu, wakakata miti pamoja na kuzaa karibu pamoja. Tangu wakati huo nyumba zetu zinahesabiana udugu, na mimi namwita baba mdogo.

Alichuchumaa, akachukua majani, akaanza kunisogezea mawili mawili kama tulivyozoea msimu wa kazi. Kisha akasema bila kuniangalia:

"Nina neno moja tu. Mama alipoungama, alinitaja?"

Niliendelea kufunga. Uzi uliniteleza, nikarudia fundo.

"Sikuombi uniambie alisema nini. Mambo yake na Mungu ni yake. Nauliza tu, alinitaja au hakunitaja?"

Nikavuta uzi kukaza fundo.

"Basi tikisa kichwa. Kutikisa kichwa si kusema."

Shingo yangu ilikuwa ngumu kama mti. Niliogopa hata kuinama kuokota jani, asije akadhani nimemjibu.

Nieleze ilivyokuwa mpaka nikafika hapo.

Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni mwalimu akiniita jina nilikuwa nasimama na jibu linapotea. Nilimaliza darasa la saba, nikaishia hapo, nikarudi shambani. Kwenye jumuiya yetu ndogo, tunaposali nyumba kwa nyumba, kitabu cha masomo kikinifikia nilikuwa nakipitisha kwa jirani yangu kama mtu anayepitisha kikombe cha moto. Wakati wa nia, kila mtu akiomba kwa sauti, mimi niliomba kimoyomoyo. Mama mwenyekiti wa jumuiya alikuwa akisema, "Na huyu wetu Mungu anamsikia kwa simu," watu wanacheka, nami nacheka nikiwa nimeficha uso kwenye kitenge.

Kitu kimoja nilichokuwa nacho ni Kirundi. Wazazi walinikabidhi kwa bibi nilipoacha ziwa, nikalala kitanda chake mpaka alipofariki. Bibi hakukubali Kiswahili ndani ya nyumba yake. Wenzangu wa rika langu wanasikia Kirundi, lakini ukiwasemesha wanajibu kwa Kiswahili, au wanachanganya. Changu kilibaki kizima, na methali zake na namna yake ya kumzunguka mkubwa kwa heshima. Shuleni kiliniletea taabu. Nikikosea kutamka herufi mbili tatu za Kiswahili, watoto walinipigia kelele, "Mkimbizi, mkimbizi, rudi kwenu!" Na baadhi yao babu zao walivuka mpaka siku moja na babu yangu! Nilikichukia Kirundi miaka hiyo. Nilikiona kama kovu usoni.

Katekista wetu ndiye aliyekuwa akimfasiria padri kwa wazee. Alipohamishiwa kigango cha mbali, padri akabaki hana mtu. Padri huyu ni kijana, mtu wa kusini, Kiswahili chake kizuri, Kirundi hajui hata cha kuomba maji. Siku moja alikuja kumtembelea mgonjwa jirani na kwetu, mzee akawa anaongea, padri anaitikia tu "ndiyo, ndiyo", na mzee alikuwa akimwambia kwamba mto unamuumiza shingo. Nilikuwa nimeleta maji. Nikasema, "Padri, anasema mto unamuumiza." Wakanigeukia wote. Basi nikafasiri na la pili, na la tatu, mpaka mwisho.

Sikujua mpaka nilipofika nyumbani kwamba sauti yangu haikutetemeka. Maneno hayakuwa yangu. Yalipita kwangu kama maji yanavyopita kwenye bomba, na bomba halioni aibu.

Padri aliniita baada ya misa Jumapili ile.

"Unajua kwamba ile ni karama?"

"Padri, ni Kirundi tu."

Alicheka sana. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia kwamba mtume alipowaandikia Wakorintho kuhusu karama aliitaja na ya kufasiri lugha, akaiweka pamoja na zile kubwa ambazo watu wanazililia. "Umepewa kwa ajili ya wengine," akasema. "Usiifiche. Na usijifanye ni mali yako."

Neno la kwanza nililielewa siku ile ile. La pili lilichelewa.

Sasa, mama wa baba mdogo. Alikuwa jirani yetu wa karibu, tulitenganishwa na ua wa minyaa. Mwaka huo alipatwa na kiharusi. Upande mmoja ulilala, na jambo la ajabu, Kiswahili kikamtoka chote. Alikuwa akikisema sokoni miaka yote, cha kukatakata lakini cha kutosha. Kikaondoka kama ndege. Kikabaki Kirundi peke yake, tena cha utotoni mwake. Wajukuu zake walikuwa wakimsikia nusu nusu. Aliyekaa naye akaongea naye nilikuwa mimi. Aliniita *mwuzukuru wanje*, mjukuu wangu, na nyakati nyingine aliniita kwa jina la bibi yangu, nami nikaitika.

Mwanawe huyu ndiye mtoto pekee aliyembakia, na walikuwa hawasemezani. Baba yake alipokuwa anakata roho, yeye alikuwa Tabora mjini kwenye vibarua, simu imezimwa. Alifika kaburi limeshafukiwa. Watu walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka, naye akaingia na begi lake begani, akaenda kumwinamia mama yake. Mama akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Huyu nani? Mimi huyu simjui." Tangu siku hiyo hakumpokea. Mwana alirudi kulima hapa hapa, ng'ambo ya bonde, kila sikukuu analeta sukari, na sukari inarudishwa. Mara nyingine aliyetumwa kuirudisha ni mimi. Aliipokea mlangoni akisema, "Mwambie asante," kana kwamba yeye ndiye aliyepewa.

Kwetu radhi ya mama si maneno matupu. Mtu asiye na radhi, mahindi yakinyauka ni hiyo, mtoto akiugua ni hiyo. Padri anahubiri, watu wanaitikia amina, wanarudi nyumbani na hofu yao ile ile. Hata mimi ninayo.

Alipozidiwa, mama huyu aliomba padri. Padri alikuja asubuhi na pikipiki yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kabla hatujaingia aliniweka kando, pale kwenye minyaa.

"Leo si kama siku nyingine. Anataka kuungama. Kanisa linaruhusu mkalimani, kama mgonjwa mwenyewe anakubali. Lakini utakachosikia mle ndani kitabaki mle ndani. Humwambii mzazi wako, humwambii mume utakayeolewa naye. Hata mimi na wewe hatutakizungumza tena. Ukiona huwezi, sema sasa. Kukataa si dhambi."

Nilimuuliza mgonjwa kwa Kirundi kama ananitaka mimi. Alisema, "Nimtake nani mwingine?" Nikamwambia padri naweza.

Waliokuwa ndani wakatoka. Padri akavaa stola yake shingoni, akakaa upande ambao mgonjwa alisikia vizuri, ingawa maneno yote yangepitia kwangu, mimi nikapiga magoti upande wa pili. Mgonjwa akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake unaofanya kazi. Akaanza.

Hapa naruka. Hata katika maandishi haya siandiki neno.

Naweza kusema jambo moja ambalo ni langu mwenyewe. Anayefasiri hasemi "anasema amekosa". Padri alinielekeza nifasiri moja kwa moja, kwa hiyo yeye akisema mimi, nami nasema mimi. Yote yalitoka kinywani mwangu kana kwamba niliyatenda. Nilikuwa na umri wa kutosha kuolewa lakini sijaishi hata robo ya maisha ya mwanamke yule, na kwa muda ule niliyabeba yote. Padri alipompa malipizi na maondoleo, nami nikayarudisha kwake kwa Kirundi, kifundo cha mkono wangu kilikuwa na alama za vidole vyake.

Kisha alipakwa mafuta, akapokea komunyo kipande kidogo na maji. Tulipotoka, mwanawe alikuwa amesimama karibu na bani la jirani, kofia mkononi. Alikuwa amesikia kwamba padri amekuja. Akaomba kuingia. Aliingia. Mama yake alikuwa amefumba macho, ameelekea ukutani. Mwana alikaa pale mpaka jua likazama, akimwita taratibu, na hakuna ajuaye kama mama alilala au alisikia. Hakusema tena na mtu yeyote. Tulimzika wiki hiyo hiyo.

Ndiyo maana alikuja nyuma ya nyumba yetu. Na siku ile nilipokataa hata kutikisa kichwa, alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Padri ameapa," akasema. "Wewe uliapa wapi?"

Ni kweli, sikuwekewa mikono, sikuvaa kitu. Nilisema tu "naweza" pale kwenye minyaa.

Habari ilienea. Kisimani wanawake walinipokea kwa vigelegele vya mzaha.

"Pisheni, pisheni, mama padri anateka maji!"

"Mama padri, na mimi niondolee. Jana nimemwibia mume wangu soda."

"Usimwambie huyo, atakaa nayo mpaka kiama. Hata kwa mtoto wa marehemu kafunga kinywa."

"Kwani anamnyima nini? Neno moja tu."

"Ndio watu wa kimya walivyo. Wana roho ngumu."

Nilijaza ndoo yangu nikaondoka, maji yananimwagikia shingoni. Lile la mwisho liliniuma, kwa sababu nililifikiria mwenyewe kila siku. Labda kweli nina roho ngumu. Labda sikuwa ninalinda kitu kitakatifu, nilikuwa naogopa tu kufungua kinywa, kama siku zote, na sasa nimepata jina zuri la kuuita woga wangu.

Baba yangu naye alinijia. Baba ni mtu mpole. Alingoja nimalize kula.

"Mwanangu, mimi sikuulizi alichosema. Lakini yule ni ndugu yetu. Anaoza yule. Mpe radhi yake."

"Baba, kama hakupewa?"

Baba alinitazama. "Kwa hiyo hakupewa?"

"Sijasema hivyo!"

"Kwa hiyo alipewa?"

Nililia. Niliondoka nikaenda kukaa upande wa mbuzi. Nilikuwa nimetamka neno moja tu la kubahatisha, na tayari lilikuwa limegeuka kuwa habari. Pale kwenye kinyesi cha mbuzi ndipo nilipoelewa jambo ambalo padri hakunieleza. Kama nitasema "ndiyo, alikutaja kwa wema," hata kama ni kweli, basi siku nitakaponyamaza kwa mtu mwingine, mtu huyo atajua kwamba kwake hakuna wema. Ukimya wangu lazima uwe wa namna moja kwa watu wote, la sivyo si ukimya tena. Nikilegea kwa neno zuri, nimesema na mabaya yote ya wengine watakaokuja.

Nilielewa, lakini haikunisaidia. Kuelewa hakukumfanya baba mdogo alale usingizi.

Nilimwendea padri, nikamkuta anaziba pancha ya pikipiki yake. Nikamwambia, "Padri, zungumza naye wewe. Una maneno."

"Nitazungumza naye juu ya Mungu," alisema. "Juu ya siku ile siwezi. Hata kukuambia wewe kama nakumbuka, siwezi."

"Basi karama hii ichukue. Mpe mwingine."

Alifuta mikono yake yenye grisi kwa muda mrefu. "Nami nilishasema hivyo kwa Askofu, juu ya upadri wangu," akasema. Nilikasirika. Nilitaka anifariji, naye alikuwa amekaa chini kwenye mavumbi kama mimi.

Msimu ule ule baba mdogo aliharibikiwa. Tumbaku ikiwa ndani ya bani, moto hauachwi. Mtu analala pale pale, anaongeza kuni, anapunguza, anachungulia rangi. Yeye alikaa nje ya bani lake akiuangalia moto unazima, asiuchochee. Majani yakageuka meusi, yenye ukungu. Mkewe alipomuuliza alijibu, "Niwashe ili iweje? Mama amenifungia." Kazi ya mwaka mzima ikatupwa kwenye shimo. Tulikwenda kuwasaidia kutoa yale majani, na mimi nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa ni kusema kitu. Alinipisha mlangoni bila kuitikia shikamoo yangu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mkubwa kuniachia shikamoo hewani.

Ndipo nikaomba kwenda mjini. Shangazi yangu anaishi Kanyenye, akanitafutia kazi ya kufagia na kupanga vitambaa katika duka la bibi mmoja wa ukoo wa Waarabu waliokaa Tabora tangu enzi za misafara. Alikuwa Mwislamu mcha Mungu, mwenye ulimi mwepesi. Kila nikikosea kukunja kanga alisema, "Hiyo umeikunja au umeikaba?" Nilimpenda.

Siku moja mchana, duka halina watu, aliniuliza kwa nini natembea nimeinamisha shingo kama mpagazi.

"Babu zetu walipakia pembe na vitambaa hapa hapa," akasema, "Wanyamwezi wanabeba mpaka pwani. Na watu pia walipelekwa, tusifiche, Mungu atusamehe. Lakini mzigo wa kitambaa ulishonwa kwa gunia huku, ukafunguliwa kule. Aliyebeba hakujua rangi yake. Wewe umebeba nini, binti?"

"Sijui, bibi."

"Unajua sana. Haya, usiniambie, mimi mdomo wangu hauna mshono." Akacheka mpaka miwani ikamshuka.

Nililifikiria jambo hilo nilipokuwa nafagia. Mpagazi alikuwa na nafuu mbili kuliko mimi. Yeye hakujua kilichomo. Na pwani ilikuwepo. Alifika, akatua, akanyoosha mgongo. Mimi kilichomo nilikijua, na sikuonyeshwa mahali pa kutua. Jioni nilikuwa naingia kanisani mjini, nakaa benchi la nyuma, nasema, "Bwana, ulinipa ulimi wa watu wengine. Sasa yule mtu unampa nini?" Sikusikia jibu. Nasema kweli, sikusikia.

Nilirudi Ulyankulu mvua za kwanza zilipoanza, kwa sababu mashamba hayangoji. Niliambiwa kwamba nilipokuwa mjini, padri alijaribu kumtumia kijana mmoja aliyehamia karibuni, mjuzi wa Kirundi. Kijana yule alikuwa mzuri, anasema vizuri kuliko mimi, lakini baada ya kumtembelea mgonjwa mmoja alisimulia kwa wenzake mambo ya kuchekesha ambayo mgonjwa alisema. Hayakuwa ya maungamo. Yalikuwa ya kawaida tu. Hata hivyo wazee wakafunga milango. Mzee mmoja wa ng'ambo ya bonde, aliyekuwa amevimba miguu na pumzi inampaa, alimwambia padri kwa ishara aende zake.

Mzee huyo ni mkwe wa baba mdogo. Baba wa mkewe.

Nilikuwa nachimba mashimo ya mahindi nilipoona baiskeli inakuja katikati ya shamba, inasukumwa. Alikuwa yeye. Alikuwa amekonda, mifupa ya mashavu imetokeza.

"Shikamoo, baba mdogo."

Alishusha stendi ya baiskeli. Nikajua hii nayo itabaki hewani. Kisha akasema, "Marahaba." Alisema kama mtu anayelipia kitu.

"Mzee anaumwa. Padri yuko njiani. Anakutaka wewe."

"Nani anayenitaka, padri?"

"Mzee. Kasema hivi: leteni yule aliyemnyima mkwe wangu."

Nilisimama na jembe. Sikujua niliweke wapi.

"Nikamwambia mzee, huyo ana roho mbaya," akaendelea. "Akaniambia, ndiyo huyo huyo."

Sikujua kama alitaka nicheke. Hakucheka yeye. Aligeuza baiskeli, akakipangusa kiti cha nyuma kwa kiganja, nikapanda. Kwenye kupanda mwinuko alishuka akasukuma, nami nikashuka nikasukuma nyuma, na migongo yetu ikatoa jasho kwa namna moja. Karibu na nyumba ya mzee, akasimama ghafla.

"Sijakusamehe," akasema.

"Ndiyo, baba mdogo."

"Nataka ujue. Kila siku nakaa nafikiri, huyu mtoto anacho, anacho pale pale, angeweza kunipa."

"Ndiyo."

"Na hutanipa."

Nilitazama chini. Sikutikisa kichwa, si kwa ndiyo wala kwa hapana. Alivuta pumzi, akapanda tena baiskeli, tukaenda.

Padri alikuwa ameshafika. Watu walikuwa wengi uani, kama ilivyo mgonjwa akiwa mzee wa ukoo. Tuliingia, wenye nyumba wakatoka. Chumba kilikuwa na dirisha dogo la mbao lisilofungika vizuri, na kwenye ule ufa niliona kivuli cha watu wanaojisogeza, kama wanaotafuta baridi ya ukuta. Padri alikuwa akitoa stola kwenye mkoba. Mzee alikuwa ameegemezwa kwenye magunia, macho yake mekundu yananichunguza.

Akaniuliza kwa Kirundi, kwa taabu, "Wewe ndiye?"

"Ndimi, babu."

"Alikuomba mangapi yule?"

"Moja tu."

"Ukamnyima."

Nilikuwa na hofu kuliko siku ya kwanza, kwa sababu sasa nilijua bei yake, na anayeilipa si mimi peke yangu.

Kabla sijajibu, tulisikia sauti nje, chini ya dirisha. Ilikuwa sauti ya baba mdogo, kali, kama ya mtu anayefukuza ng'ombe shambani.

"Ondokeni hapo! Nyie mnasikiliza nini? Tokeni, nendeni kule kwenye banda. Wewe pia, mama. Wote!"

Vivuli vikaondoka kwenye ufa. Tukasikia nyayo zinakwenda, mtoto mmoja anacheka, anakaripiwa. Kisha nyayo za mwisho, za mtu mzima aliyekuwa amebaki peke yake, nazo zikaenda mbali, mbali kuliko ilivyohitajika, mpaka hatukuzisikia tena.

Mzee alifumba macho, akafumbua.

"Sogea," akaniambia. "Pumzi yangu ni ndogo."

Nikapiga magoti. Padri akafanya ishara ya msalaba. Mzee akaanza kwa neno lile ambalo wote wanaanza nalo, nami nikalichukua kutoka kwake, nikalisema kwa Kiswahili, kwa sauti isiyotetemeka:

"Mimi."